Wahafidhina wa Uingereza wamwambie nini mpiga kura mlangoni kwake?

Mkazi wa Leicester

Ndugu wanajamvi, mimi ni Mtanzania ninayeishi Leicester, na kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wana haki ya kuchagua wabunge, nimejitolea kukifanyia kampeni chama cha Conservative, yaani wahafidhina. Naamini kwa dhati katika kazi, akiba, familia na uhuru wa mtu kuendesha biashara yake. Majirani zangu wengi, wakiwemo wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 ambao hadi leo hunisalimu kwa Kiswahili, wanaishi kwa misingi hiyohiyo. Hata hivyo, nikigonga mlango na kuanza kueleza habari za kodi na mipaka, husikilizwa kwa adabu, kisha mlango hufungwa. Chama kilichopata viti 365 mwaka 2019 kilibaki na 121 mwaka 2024. Je, kasoro iko kwenye ujumbe wenyewe au kwenye namna tunavyoufikisha?

Mzee wa Reading

Ndugu yangu, nilifika nchi hii mwaka 1979, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona. Serikali ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wahafidhina, ilipopitisha Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980, haikuwahubiria wapangaji wa nyumba za halmashauri juu ya falsafa ya umiliki. Iliwaambia kwamba aliyekaa miaka mitatu angeweza kuinunua nyumba yake kwa punguzo la asilimia 33, na aliyekaa muda mrefu zaidi angepunguziwa hadi asilimia 50. Mwenzangu wa kazini, mtu wa Labour, chama pinzani cha wahafidhina, tangu ujana wake, alinunua, na kabla hata ya kubadilisha mapazia alipaka mlango rangi aliyoichagua mwenyewe. Tangu siku hiyo alianza kuwasikiliza wahafidhina kwa sikio jingine.

Nyumba zilizouzwa, ambazo ni zaidi ya milioni moja, kwa sehemu kubwa hazikujengewa mbadala, na kijana wa miaka 30 anayemaliza nusu ya mshahara kwa kodi ya pango leo hana mali ya kuihifadhi. Ukitaka akusikilize, zungumza naye kuhusu ujenzi wa nyumba, hata kama wanachama wenye bustani kubwa, wasiotaka ujenzi karibu nao, watanuna.

Binti wa Mvita

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu nyumba, lakini naona mnaupa ujumbe uzito kuliko matendo. Mwaka 2019 kauli ya kumaliza suala la Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilieleweka hata Bolsover, jimbo lililokuwa la Labour tangu mwaka 1950, kwa sababu kila mtu angeweza kuona kama limefanyika au la. Miaka mitatu baadaye ikaja bajeti ya waziri mkuu wa wahafidhina Liz Truss, ya kupunguza kodi kwa fedha za mkopo, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, na watu waliokuwa wakiwaamini wahafidhina kwa uangalifu wa fedha wakaanza kuhesabu hasara zao wenyewe. Kisha Rishi Sunak, aliyemrithi Truss, akaahidi kuzuia mashua za wahamiaji zinazovuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa, akautegemea mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, Mahakama ya Juu ikauona haufuati sheria mnamo Novemba 2023, na mashua zikaendelea kuja. Waliokuwa na hasira juu ya jambo hilo wakahamia Reform, chama chenye msimamo mkali zaidi dhidi ya uhamiaji kilichopata zaidi ya kura milioni nne. Ahadi ndogo iliyotimizwa na halmashauri ya mtaani kwako itakufaa kuliko kauli mbiu mpya.

Muuza duka mstaafu

Leicester Mashariki ndilo jimbo pekee ambalo wahafidhina walilichukua kutoka Labour mwaka 2024. Ni kweli kura za upande wa Labour ziligawanyika, kwani wabunge wawili wa zamani wa Labour waligombea humo dhidi ya chama chao, lakini msilipuuze jambo hili. Wazee wengi wa hapa hawajasahau kwamba serikali ya Waziri Mkuu Edward Heath, ya wahafidhina, ndiyo iliyowapokea Wahindi wapatao 28,000 kutoka Uganda. Ukifika mlangoni, muulize mwenye nyumba kwanza alivyoanza maisha hapa, na kodi ya jengo la duka lake inamwachia nini mwisho wa mwezi. Mimi niliendesha duka miaka mingi, na walionigongea mlango wakati wa kampeni walikuwa wengi. Aliyewahi kuniuliza hivyo ni mmoja, na nilimpigia kura.

Mkazi wa Leicester

Nawashukuru nyote. Jumamosi nitarudi kwenye mtaa uleule nikiwa na daftari, na safari hii nitaanza na maduka.