Naomba ushauri: programu ya FoxPro, tuihamishe au tuendelee nayo?

Wandugu wataalamu, salamu kutoka Bukavu.

Ninasimamia kompyuta za depo moja ya dawa huku Kadutu. Stoki na fakture zote, za dola na za franka, zinapita kwenye programu iliyoandikwa kwa Visual FoxPro 9, lugha ya Microsoft ya kuandikia programu za hifadhidata. Kusema kweli inafanya kazi vizuri. Shida ni watu: aliyeiandika amehama mji, na vijana ninaowauliza wote wamesoma Python au JavaScript. Siwalaumu. Microsoft ilitoa toleo hilo la mwisho mwaka 2004, ikafunga msaada wake Januari 2015. Nani atajifunza lugha isiyo na kazi wala mtu wa kumuuliza? Na kazi nazo zinakwisha kwa sababu wenye kuijua hawapatikani.

Kinachoninyima usingizi ni faili la mauzo.dbf. Limeshapita GB 1.6, na FoxPro haikubali jedwali lizidi GB 2. Nimejaribu kutoa data kwa CSV (faili la maandishi matupu) na kuziingiza kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Bei ziliingia sawa, lakini herufi kama é na ç ziliharibika (majina ya dawa yetu ni ya Kifaransa, mnajua wenyewe), na sehemu za memo (za maandishi marefu) hazikutoka kabisa.

Je, nihamishe data tu, skrini za FoxPro ziendelee kuzisoma kupitia ODBC (daraja la kuunganisha programu na hifadhidata), au niandike yote upya kwa Python? Na zile memo zilizo kwenye faili la .fpt, mnazitoaje bila kuharibu herufi?