Ushauri: mkanda wa onyesho la Michael Jackson umeota ukungu, na mgeni anafika Jumamosi

Mtaa wa Pili: Wakuu, habari za jioni. Nina mkanda wa VHS wa onyesho ambalo Michael Jackson alilifanya Bucharest, Romania, tarehe 1 Oktoba 1992. Aliurekodi marehemu baba mkubwa alipokuwa akiishi Houston, kituo cha televisheni cha HBO kilipolirusha onyesho hilo tarehe 10 ya mwezi huohuo, kisha akatutumia nyumbani Dar es Salaam. Tumekua nao. Siku ya kwanza, Michael aliporushwa kutoka chini ya jukwaa na kusimama na vazi lake la dhahabu bila kutikisika kwa karibu dakika mbili, sisi watoto tuliipiga deki makofi tukidhani picha imeganda. Sasa kingo za mkanda zina ukungu mweupe, na Jumamosi anafika kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, anayetaka tuutazame pamoja. Nitausafishaje? Au ninunue DVD yake yaishe?

Fundi wa Zamani: Usiutie ndani ya deki kwanza, kwa sababu ukungu utahamia kwenye vichwa vya deki na kutoka hapo utaingia katika kila mkanda utakaofuata. Uweke mahali pakavu siku chache, kisha mpe fundi mwenye mashine ya kusafishia. Swali moja: kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti, ambacho kikivunjwa deki haikubali kurekodi juu ya mkanda, kipo, au kimevunjwa?

Kibanda Na. 7: Mmenikumbusha mbali. Kibandani kwetu mkanda huo ulikuwa ukijaza mabenchi kila Jumapili, na ugomvi ulikuwa mwishoni, pale mtu anapofungwa mtambo mgongoni na kuruka nje ya uwanja. Nusu ya watazamaji waliapa kuwa ni Michael mwenyewe. Nilikuja kujua ukubwani kwamba walibadilishana chini kwa chini, na aliyeruka ni mtaalamu wa kazi hiyo. Nilidai shilingi zangu nilizowekeana dau, nikaambiwa mwenye kibanda ameshahama.

Bi Mkubwa wa Tanga: Mwanangu, Michael huyohuyo alifika Dar es Salaam mwaka 1992, enzi za Mzee Mwinyi. Nilitoroka kazini nikasimama juani tangu asubuhi, nikaambulia vumbi la magari. Ninachotaka kusema ni kwamba mgeni hafuati video. Mpikie.

Mtaa wa Pili: Ahsanteni. Basi naona DVD iliyotoka mwaka 2005 ndiyo suluhisho, maana onyesho ni lilelile na picha ni safi zaidi. Nimeshamdokeza kaka kwa simu kwamba mkanda umeliwa na deki.

Fundi wa Zamani: Hukunijibu kuhusu plastiki. Tena umesema ukungu, sasa umeliwa na deki. Mtu hasafiri kutoka Marekani kutazama kitu anachoweza kukinunua hukohuko. Kuna nini kingine ndani ya huo mkanda?

Mtaa wa Pili: Kimevunjwa, na tundu lake limezibwa kwa selotepu. Niliyeliziba ni mimi. Baada ya onyesho, baba mkubwa aliazima kamera akarekodi salamu za dakika kama ishirini, akimsalimia babu na kila mmoja wetu kwa jina. Alifariki mwaka 1995, na hakuna mahali pengine palipobaki sauti yake. Tarehe 31 Mei 2002, nikiwa mtoto na sina mkanda mtupu, nilirekodi juu yake mechi ya Kombe la Dunia, Senegal ikiifunga Ufaransa. Kaka alikuwa na miaka mitatu baba yake alipofariki. Hajui. Hata hivyo, ninyi mngefanyaje? Ameshalipa nauli, na uongo mdogo wa deki haumuumizi kama ukweli utakavyomuumiza.

Kibanda Na. 7: Kosa ni kosa, lakini bao la Papa Bouba Diop hata mimi ningelirekodi juu ya cheti changu cha ndoa.

Bi Mkubwa wa Tanga: Wewe mwenye kibanda, kaa kimya. Mwanangu, kosa la mtoto lina msamaha. Huu uongo unautunga sasa, na umri wa utoto umeshakutoka.

Msomaji Mkaidi: Mimi siamini kisa hiki. Mkanda uliorekodiwa Marekani ni wa mfumo wa picha wa huko, NTSC, na televisheni zetu za miaka ile zilikuwa za mfumo mwingine, PAL. Kwa kawaida ungepata picha isiyo na rangi, kama haikuwa inapanda na kushuka. Hilo vazi la dhahabu mliliona wapi? Mleta mada ameitazama DVD, kisha akatutungia baba mkubwa.

Mtaa wa Pili: Umesema kweli kuhusu rangi, na nashukuru kwa sababu nilikuwa nimesahau. Nyumbani Michael alikuwa wa kijivu miaka yote. Dhahabu niliiona kwenye DVD kwa rafiki yangu, nikakasirika kana kwamba wamembadilishia nguo. Baba mkubwa pia alikuwa wa kijivu. Kilichokuwa na rangi katika mkanda ule ni nyasi za Seoul, ilikochezwa mechi ile, zilizoanza ghafla baba mkubwa akiwa katikati ya jina la shangazi. Hapo ndipo ninapouzima kila mara.

Msomaji Mkaidi: Basi naondoa shaka. Samahani, ndugu.

Fundi wa Zamani: Unapouzima kila mara? Baada ya mpira kuna nini?

Mtaa wa Pili: Sijui. Sijawahi kuupitisha hapo. Nakumbuka umeme ulikatika kabla ya mapumziko.

Fundi wa Zamani: Bao lilikuwa dakika ya 30. Kama ulianza na mechi, umeme ukakatika kabla ya mapumziko, ulichofuta hakifiki dakika 45. Tatizo ni kwamba salamu zilikuwa za dakika kama ishirini, kwa hiyo kama kuna zilizosalia inategemea ulianza kurekodi mechi mwanzo au ulichelewa.

Mtaa wa Pili: Nilichelewa. Tulikuwa tukitafuta selotepu.

Fundi wa Zamani: Ibandue hiyo selotepu leo, kabla mkanda haujaingia kwenye deki yoyote. Kisha mngoje kaka yako.

Mgeni wa Jukwaa: Sijasoma majibu yote, lakini nunua DVD tu, sauti yake ni nzuri sana.