Mrejesho: Nililetewa chakula sicho, safari hii nikasema

Wakuu, wale mlionishauri kuhusu aibu yangu ya kukaa kimya nikiletewa chakula nisichoagiza, nimerudi.

Jana mchana Kariakoo niliagiza wali samaki, ikaja sahani ya wali nyama, mchuzi umeshamwagwa juu. Zamani ningekula tu na kulipa. Nikakumbuka yule aliyesema usiguse kwanza, maana ukishachovya kijiko huna kesi. Nikaacha mikono chini ya meza hadi mhudumu alipopita karibu, nisipaze sauti: “Samahani dada, mimi niliagiza samaki.” Moyo unadunda utadhani nimeiba. Akaitazama sahani, akacheka, “Kumbe ya kaka wa pale!” Akaihamishia meza ya jirani, ambako jamaa naye alikuwa anaisubiri kimya kimya. Changu wangu akaja wa moto, na kipande cha ndimu.

Ule ushauri wa kuita meneja sijautumia, na siutaki. Huo ni wa wenye vifua.

Kigumu kimebaki kwa mama lishe wa jirani na kazini. Ananiita mwanangu, na mwisho wa mwezi hunikopesha. Huyo akikosea, bado nakula. Mwenye mbinu yake aniambie.