Picha za viumbe wadogo uani: ukungu unatoka wapi, na tafakari ikae wapi?

Ua_na_Umande

Wakuu, salamu. Nataka kupiga picha za viumbe wadogo nyuma ya nyumba kama sehemu ya tafakari ya asubuhi: kiumbe kimoja, picha moja, kisha kukaa nayo kabla siku haijaanza. Vifaa ni simu ya kamera tatu yenye lenzi ya kubana ya 10x (inabanwa mbele ya kamera ya simu na kukuza mara kumi), na kamera ya zamani ya kubadilisha lenzi, ikiwa na lenzi ya 50 mm f/1.8 (f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, hakuna.

Shida ya kwanza, karibu kila picha ina ukungu, yaani haitoki safi. Kichwa cha panzi kikitoka safi, mbawa zimepotea. Ya pili ni ya moyoni: dakika arobaini zinaishia kwenye vitufe, na mdudu mwenyewe hajatazamwa. Mnaipangaje kazi hii ili mashine isimeze ule mshangao? Halafu lile ua linaloonekana ndani ya tone la umande, linapigwaje?

Jicho_la_Kerengende

Ndugu, kuza picha yako hadi mwisho. Kama kuna mahali popote palipo safi, hata unywele mmoja wa mguu, mkono wako haujatikisika. Kilichokosekana ni kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka safi mbele na nyuma ya ulipolenga. Kama hakuna palipo safi kabisa, hapo ni mkono au upepo. Usichanganye mawili haya, maana dawa zake hazifanani.

Kina kwanza. Ukimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita moja ya mwili wake ichukue milimita moja ya kihisio (kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha), f/8 inakupa kina cha takriban milimita moja tu. f/1.8 haifiki robo ya hapo. Kwa hiyo kaa kati ya f/8 na f/11, na usikimbilie f/22. Kwa ukaribu huo tundu la lenzi hufanya kazi kama limepungua mara mbili: f/11 inakuwa kama f/22, na f/22 inakuwa kama f/44. Mwanga ukipenya tundu dogo hivyo husambaa, picha nzima inalegea hata kama fokasi ni sahihi.

Kinachosaidia zaidi ni jinsi unavyoielekeza kamera. Nyuma ya kamera iwe sambamba na urefu wa mdudu: panzi mpige ubavuni, kipepeo aliyekunja mbawa vivyo hivyo. Ukimjia kwa mshazari, ile milimita moja yako inamkata katikati, ndiyo maana unapata kichwa bila mbawa. Ukilazimika kuchagua, macho yawe safi na mengine yaende.

Kwa 50 mm yako tafuta pete za kurefushia, zile zinazokaa kati ya lenzi na kamera. Hesabu ni nyepesi: urefu wa pete gawanya kwa 50. Pete za 25 mm zinakupa nusu ya ukubwa halisi, za 50 mm zinakupa ukubwa halisi wenyewe, ila hapo mwanga unaofika unabaki robo. Hakikisha zina pini za umeme. Zisizo na pini haziwezi kuiambia lenzi ifunge tundu, na kama lenzi haina ringi ya f utakwama kwenye f/1.8.

Zima fokasi ya otomatiki. Iweke kwenye ukaribu unaoutaka, kisha sogeza mwili wako taratibu mbele kama anayeinama kusoma maandishi madogo, ukipiga mfululizo wa picha tano au sita jicho la mdudu linapopita kwenye usafi. Pumua nje unapobonyeza. Moja kati ya sita ikitoka sawa, ni kiwango cha kawaida kabisa.

Kwa mkono na upepo, flashi: f/11, ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/160 (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde), na nguvu ya flashi uipange mwenyewe kuwa 1/16 ya nguvu yake yote. Kwa nguvu ndogo hivyo mwako wake ni mfupi kuliko sehemu moja ya elfu moja ya sekunde, na huo mwako ndio unaogandisha mtikisiko. Shata ukiipandisha kupita kikomo cha kamera, mara nyingi 1/200 au 1/250, utaona mstari mweusi upande mmoja wa picha. Weka karatasi nyeupe nyembamba mbele ya flashi, pana kama kiganja na karibu na mdudu kadiri inavyowezekana. Alama kali nyeupe kwenye mgongo wa mbawakawa zinasema karatasi ni ndogo mno au iko mbali mno.

simu_tu

Kwa upande wa simu: lenzi ya kubana ikae juu ya kamera kuu, kisha zima ile makro ya otomatiki kwenye mipangilio. Usipoizima, simu ikihisi umekaribia inahamia kamera nyingine ambayo haina lenzi yako mbele yake, na unabaki unajiuliza kwa nini picha imebadilika ghafla. Umbali wa kazi kwa 10x ni sentimita mbili au tatu hivi. Gusa kioo na ushikilie ili fokasi na mwanga vifungwe, shusha mwanga kidogo ua likiwa jeupe, kisha sogeza simu badala ya kugusa tena. Na futa lenzi. Alama ya kidole hugeuza umande kuwa moshi.

Mtaa_wa_Buibui

Nijibu la tone, kwa sababu humo mshangao na ufundi ni kitu kimoja.

Umande huja usiku ulio wazi na usio na upepo, majani yanapopoteza joto lake kuelekea angani. Usiku wa mawingu usijisumbue kuamka. Uwe uani kabla jua halijagusa nyasi; wadudu bado wamepoa na hawawezi kuruka, na una muda mchache kabla matone hayajakauka.

Chagua tone moja kwenye ncha ya jani, na ua liwe nyuma yake kwa sentimita tano hadi kumi. Tone ni lenzi. Linachukua ua lote na kulipindua juu chini. Hapa ndipo wengi hukosea: wanalenga ngozi ya tone. Ile taswira haiko kwenye ngozi wala ndani, iko mbele ya tone, upande wako, kwa umbali wa takriban nusu ya kipenyo chake. Tone la milimita 2 linaweka ua lake kama milimita 1 hewani mbele yake. Kwa hiyo lenga mpaka ukingo wa tone uwe safi, kisha rudi nyuma kwa unywele. Ukitaka ukingo na ua vyote viwe safi, f/16 itakufikisha karibu, kwa gharama ya ulegevu aliousema Kerengende.

Sasa la moyoni. Dakika kumi za kwanza kamera ibaki imefungwa. Chuchumaa mbele ya mita moja ya mraba, ileile kila siku, na mtazame kiumbe mmoja mpaka ujue anafanya nini. Mithali inamtuma mvivu kwa chungu, na sura ya 16 ya Qurani inaitwa Nyuki. Kote msomaji anaelekezwa kwa mdudu mdogo, aende akamtazame kwa makini. Picha ije baada ya kutazama, na itapigwa vizuri zaidi kwa sababu utajua atageukia wapi.

Mfano ni buibui mrukaji. Ana macho manane, mawili makubwa mbele. Lenzi za macho hayo hazisogei, kinachosogea ni retina, utando unaopokea mwanga ndani yake, kwa hiyo rangi ya jicho hubadilika mbele yako. Likiwa jeusi tii, retina imeelekea kwako: anakutazama. Bonyeza hapo. Kiumbe wa milimita nane amesimama akupime! Mtu asipomtukuza Muumba saa hiyo, sijui anangoja nini.

Ua_na_Umande

Nashukuru sana, nyote. Swali dogo: baadhi ya watu huweka wadudu kwenye friji ili watulie, au hukata matawi ili kiota kionekane. Inakubalika?

Mtaa_wa_Buibui

Hapana kwa vyote viwili. Mdudu wa friji hutambulika: miguu imekunjwa vibaya, ameketi mahali asipokaa kamwe. Na umeamka kumtazama alivyoumbwa, utamtazama nini ukishamharibu? Alfajiri inampoza bila wewe kumgusa. Tawi la kiota ndilo kivuli na maficho ya makinda. Likikatwa, jua na mwewe huweza kuwapata. Tawi likikuzuia kuona, mpige mzazi akiwa mbali na kiota.

Ukipenda ndege, weka sahani ya maji yenye kina cha sentimita mbili au tatu, jiwe katikati, mita mbili kutoka kichakani ili wawe na pa kukimbilia. Piga kutoka dirishani taa za ndani zikiwa zimezimwa, shata 1/1000 au zaidi. Maji yabadilishe kila siku ya pili, kabla viluwiluwi vya mbu havijakomaa.

Jicho_la_Kerengende

Naongeza daftari. Kila picha unayoibakiza, andika tarehe, saa, mmea aliokuwa juu yake, na sentensi moja ya alichokuwa akifanya. Nyingine zote zifute jioni hiyohiyo.