Eti mbwa mwenye mimba hashikwi na sukari! Nimechekwa mbele ya mbuzi

MamaBijou: Munamujua wote, yule dokta wa mifugo wa koti jeupe lisilofuliwa tangu enzi za Zaire. Mbwa wangu Bijou mimba imefika mwishoni, anamaliza beseni nzima ya maji, anakojoa uwanja mzima, anakula sana na mbavu zinahesabika. Nikamuambia, Dokta, pale anapokojoa kwenye saruji sisimizi wanajipanga kulamba, mupime sukari. ALICHEKA! Akaita foleni yote: "Njooni musikie, mbwa wa huyu mama anakunywa soda!" Mwenye mbuzi akacheka. Mbuzi naye alicheka, niliona meno yake!

Nimepita kwa kijana mmoja aliyesomea mifugo hapahapa Lubumbashi. Kachovya kijikaratasi kwenye mukojo, rangi ikageuka. Sukari! Akasema projesteroni, homoni ya mimba, inachochea homoni ya ukuaji, basi insulini inayoshusha sukari inashindwa kazi. Ni nadra, lakini ipo. Asipochomwa sindano za insulini anaweza kufa, na watoto wakikua kupita kiasi tumboni, kuzaa kunakwama. Halafu yule ananiambia soda! Mbele ya mbuzi!

Mutoto wa Katuba: Pole mama. Huyohuyo alimupa kuku wangu dawa ya ng'ombe. Kuku kalala mpaka leo.

Papa Kenya: Mimi niko upande wa dokta. Watu hawapimwi, munapima mbwa? Kesho mutamununulia miwani.

MamaBijou: Papa, si wewe uliyeitiwa foleni. SODA!

Yaya Kamalondo: Akizaa itaisha?

MamaBijou: Mara nyingi inashuka, si kwa wote. Kijana anashauri tumufunge kizazi baadaye, maana joto lingine la kutaka dume likipita, hata bila mimba, inaweza kurudi.

Fundi Friji: Insulini inataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Na umeme huu munaiweka wapi?

Mutoto wa Katuba: Umeme gani? Kwetu giza tangu juzi.

Papa Kenya: Juzi ni nini? Sisi samaki wote wameoza, bibi yangu hanisemeshi.

Fundi Friji: Ukirudi unakuja kwa nguvu, unaunguza kompresa. Nina friji tano hapa, wenyewe wanalia.

Yaya Kamalondo: MamaBijou, niwekee dume moja. Wezi wa nyaya wamezidi mtaani.

Papa Kenya: Kwetu wamebeba mpaka waya wa kuanikia nguo. Na nguo zikiwa juu yake.