NDMP: nakala rudufu zinashindwa voliumu ikihamia nodi nyingine ya klasta

Muulizaji: Habari zenu wadau. Ninasimamia hifadhi ya mtandao yenye nodi 4 (mashine za hifadhi) zilizounganishwa kuwa klasta moja, na nakala rudufu zake huandikwa kwenye tepu kwa itifaki ya NDMP (kanuni za mawasiliano kati ya programu ya nakala na hifadhi ya mtandao). Katika programu ya nakala nimesajili kila nodi kwa anwani yake. Tangu voliumu mbili (sehemu za hifadhi zinazobeba mafaili) zihamishiwe nodi nyingine ili kusawazisha mzigo, kazi zake hushindwa kwa ujumbe kwamba njia haipatikani, ingawa watumiaji wanafungua mafaili yao kama kawaida. Je, kila voliumu inapohama ni lazima nihariri sera (mipangilio ya kazi za nakala) kwa mkono?

Jibu la 1: Hapana, mkuu. Watumiaji hawaoni tofauti kwa sababu wanapitia seva pepe (seva ya kiprogramu inayotumia nodi za klasta kwa pamoja), ambayo haijali voliumu imelala nodi gani. Programu yako, kwa upande wake, inaiuliza nodi moja habari za voliumu ambayo nodi hiyo haina tena. Washa NDMP katika ngazi ya klasta au ya seva pepe badala ya ngazi ya nodi, kisha uziondoe zile nodi 4 na usajili anwani moja ya usimamizi wa klasta. Kabla ya hapo hakikisha kwamba toleo la programu yako linakitambua kiendelezi cha klasta cha NDMP, kwa kuwa ndicho kinachoijulisha voliumu iko wapi na tepu imeunganishwa na nodi ipi. Bila hicho, kubadilisha anwani hakutakusaidia sana. Baada ya mabadiliko, anza na nakala kamili, yaani ngazi ya 0, ndipo uendelee na nakala za nyongeza (za mabadiliko pekee).

Jibu la 2: Naongezea jambo ambalo husumbua wengi: kinga ya mtandao (firewall). Poti ya TCP 10000 ni ya mawasiliano ya udhibiti tu, ilhali data yenyewe husafiri kwa muunganisho mwingine wenye poti yake. Ukiona kazi imeanza, nenosiri limekubaliwa, halafu kihesabu kimeganda kwenye baiti 0 hadi muda wa kusubiri unakwisha, usihangaike na nenosiri. Weka masafa maalumu ya poti za data na uyafungue pande zote mbili. Vilevile usipange kuhamisha violesura vya data (anwani za mtandao zinazopitisha data) saa za nakala, kwani kikao kinachoendelea kinaweza kukatika.

Muulizaji: Nashukuru. Tepu yangu imeunganishwa na nodi ya kwanza pekee. Voliumu za nodi nyingine zitaifikiaje?

Jibu la 1: Nodi yenye voliumu itasoma data na kuituma kupitia mtandao hadi kwa nodi yenye tepu. Inafanya kazi, ila mwendo wake utategemea mtandao huo, kwa hiyo voliumu kubwa zaidi ni vyema zikae kwenye nodi ya kwanza ikiwa nafasi inaruhusu.