Kamati inataka picha za watoto wa Malawi wakinywa uji wetu. Niandike barua gani?

mwekahazina_umoja

Bwana asifiwe kwa wanaoitikia, na habari za jioni kwa wengine. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumapili. Kikao cha kamati ni baada ya ibada ya pili, na barua nimepewa mimi niiandike.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na sasa ni mweka hazina wa kanisa dogo hapa Umoja, Nairobi. Tuko washirika kama 200, tukiwahesabu na wale tunaowaona Krismasi tu. Kimbunga Freddy kilipopiga Malawi Machi 2023, na matope ya mlima Soche yakafunika nyumba za watu wa Chilobwe kule Blantyre, mchungaji wetu alikuwa na rafiki huko waliyesoma naye theolojia. Tukachanga Jumapili moja tukidhani yameisha. Hayakuisha. Ikawa desturi: sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ya Malawi. Kina mama wa kanisa la rafiki huyo wanawapikia watoto wa chekechea uji wa mahindi na soya, wenyewe wanauita phala. Mwezi mzuri tunatuma shilingi 40,000. Januari, karo ikishakamua kila mtu, tumewahi kutuma 11,000.

Sasa shida. Mwanzoni uji ulikuwa siku 5 kwa wiki. Mwaka jana zikawa 3. Mwezi uliopita mama anayesimamia jiko aliandika kwenye WhatsApp kwamba ni siku 2. Sadaka yetu haijapungua. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kwenye kikao akasema maneno mawili tu: "Hela inaliwa." Hakuna aliyembishia. Wakaafikiana niandike barua: kila mwezi watume picha za watoto wakiwa na vikombe mkononi, na bango lenye jina la kanisa letu lionekane vizuri. Wasipotuma, tunafunga mkono.

Tangu siku hiyo silali vizuri, na sababu yenyewe ni ya zamani. Nilisoma shule ya msingi Nyeri, na shule yetu ilikuwa na marafiki Scotland. Mwaka 1970 nilikuwa darasa la tatu. Siku ya picha ikifika, sweta zilitolewa kabatini, tukavishwa, tukapangwa mstari, wafupi mbele. Jioni sweta zikarudi kabatini. Halafu tulinakili barua kutoka ubaoni, kila mtoto ya kwake, na ya kwangu ilisema ninaupenda sana uji wa shule. Uji wenyewe ulikuwa na madonge na sikuupenda hata kidogo, lakini nilipata 10 kwa 10 kwa mwandiko.

Kwa hiyo nikishika kalamu niombe bango, mkono unakataa. Lakini pia mimi ndiye mwenye kitabu cha hesabu, na hizo pesa ni za mama anayeuza sukuma wiki hapa stejini. Siwezi kusimama mbele yake nimwambie tuamini tu. Niandike nini?

jirani_wa_mto

Mwalimu, shikamoo. Mimi swali langu linatangulia barua yako. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitukuta Mathare. Mto uliingia ndani usiku, tukatoka na watoto mgongoni, na baada ya maji kushuka tingatinga zikaja kubomoa zilizobaki karibu na mto. Kutoka Umoja hadi kwetu ni matatu moja na mwendo kidogo wa miguu. Kanisa lenu lilileta nini? Sisemi mlikosea kusaidia Malawi. Nasema mkitaka picha za watoto na vikombe, hata huku wapo, na mnaweza kuja kuwaona bila WhatsApp.

mwekahazina_umoja

Marahaba, mwanangu. Tulileta blanketi na unga, mara moja. Umeniuliza swali ambalo kamati haijawahi kuniuliza. Mara moja tu, ni kweli.

mzee_wa_thogoto

Mwalimu, nimecheka hayo ya sweta, halafu nikaacha kucheka. Kwetu ilikuwa viatu.

Vijana huenda hawajui kwamba jambo hili lilitikisa makanisa yetu zamani. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, wakati huo, alisimama Milwaukee kule Marekani mbele ya watu wa misheni akawaambia wasimamishe wamishenari na pesa kwa muda, ili Afrika ijue inaweza kusimama kwa miguu yake. Wengine waliona mzee amerukwa na akili: unamkatazaje anayekulisha? Mwaka 1974 mkutano wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, pale Lusaka, ukauunga mkono wito huo. Na PCEA mpaka leo neno lao ni Jitegemea. Kulikuwa na ubishi mwingi, na pesa za nje hazikukatika zote, lakini kuna kitu kilibadilika katika namna ya kuombana na kupeana.

Ninachotaka kusema ni hiki. Leo wewe ndiye unayetuma. Kanisa la Umoja limekuwa Scotland ya mtu! Hapo ndipo mkono wako unapokataa, na usiulazimishe.

Lakini hesabu ni lazima. Soma 2 Wakorintho sura ya 8. Paulo anachangisha pesa za watakatifu wa Yerusalemu, na anamtuma Tito pamoja na ndugu wengine wanaoaminika na makanisa, kusudi mtu asije akamlaumu juu ya mchango ule. Tazama mzigo wa kuonyesha usafi uko kwa nani: kwa wanaobeba pesa. Hakuna mahali maskini wa Yerusalemu wanaambiwa wapange mstari. Usiombe nyuso za watoto. Omba daftari la jiko: unga kilo ngapi, umenunuliwa lini, kwa bei gani, watoto wangapi siku ile. Na umpelekee yule mama daftari lako pia.

karani_wa_malori

Nimefanya kazi Blantyre miaka minne, ofisi ya kampuni ya malori, nikarudi Nairobi 2025. Wazee wenu hawajui kwacha, pesa ya Malawi, ndiyo maana wanaona mwizi.

Mwalimu, fanya hesabu hii pole pole. Novemba 2023 benki kuu ya kule ilishusha thamani ya kwacha, dola ikaruka kutoka kama 1,180 hadi 1,700 kwa tangazo moja. Baada ya hapo bei ya benki ikakaa kwenye 1,700 na kitu, kama imepigiliwa msumari. Bei za sokoni nazo zikaendelea na safari, karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mtaani, nilipoondoka, dola ilikuwa inauzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki, na mfanyabiashara anayeagiza mafuta ya kupikia au sabuni anapanga bei kwa dola ya mtaani. Sasa pesa yenu inapita benki, inabadilishwa kwa bei ya benki, halafu mama anaenda kununua kwa bei ya mtaani. Nusu imeyeyuka na hakuna aliyeigusa.

Ongeza ukame. Mvua za 2024 zilikataa kwa sababu ya El Niño, na Machi mwaka huo serikali ikatangaza janga katika wilaya 23 kati ya 28. Mahindi yakawa dhahabu. Nilikuwa nanunua gunia la nyumbani kwangu nikiwa nimefumba macho.

Usije ukashawishika kutuma kwa watu wa dola za mtaani, eti mpate bei nzuri. Ni kosa la kisheria, na siku pesa ikipotea hamna pa kulia. Dawa iko kwenye kalenda. Ninyi mnatuma kidogo kidogo kila mwezi, maana yake huyo mama ananunua mahindi Januari na Februari, miezi ya njaa, wakati bei iko juu kuliko wakati wowote. Mavuno kule ni Aprili na Mei. Tumeni kubwa moja mwezi wa tano, anunue mahindi na soya yake ya miezi mingi, ayakaushe vizuri yasishike sumu kuvu, ayaweke kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo msiikate kwenye bajeti. Dumuzi, yule mdudu tunayemwita Osama huku, hahitaji pasipoti.

mhasibu_tu

Naongezea la benki, fupi. Kutuma kila mwezi kunawakata mara tatu: benki ya hapa, benki ya katikati ambako dola hupitia, na benki ya kule. Kila mmoja ana mkasi wake, na mkasi hauangalii kama umetuma 11,000 au 400,000. Mkituma, mwambie karani wa benki kwamba mtumaji ndiye atakayelipa gharama zote, vinginevyo benki ya katikati inajichotea njiani na mama anapokea pungufu bila maelezo. Halafu mnasema ameila.

Tangu Kenya iwekwe kwenye orodha ya uangalizi ya utakatishaji fedha Februari 2024, benki zinauliza makaratasi zaidi. Beba muhtasari wa kikao, cheti cha usajili wa kanisa na barua ya wapokeaji. Akaunti ya kule iwe ya kanisa, yenye watia sahihi wawili au zaidi. Je, mnatuma kwa akaunti ya nani sasa?

mwekahazina_umoja

Ya mchungaji wao. Yake binafsi. Usinipigie kelele, mimi nilikuta hivyo.

mhasibu_tu

Sipigi kelele. Lakini hapo ndipo barua yako ianzie, kabla ya mambo ya bango.

jirani_wa_mto

Mimi nimesoma yote na sijabadilika sana. Ila hilo la kununua wakati wa mavuno, hata sisi huku tungelihitaji. Chama chetu kinanunua mahindi Februari kama wajinga.

mwekahazina_umoja

Nimerudi, ni Jumatatu usiku na miguu inauma.

Barua sikuiandika. Jumamosi nilimpigia simu yule mama wa jiko. Kiingereza chake kina haraka na changu kina chaki, Kiswahili chake ni cha kuombea maji, lakini tulielewana kwa saa nzima na vocha ikaisha mara mbili. Nilimweleza kwanza ya kwetu: tulichanga kiasi gani kila mwezi, benki ilikata kiasi gani. Akanyamaza. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia kinachotoka huku, yeye hupewa bahasha tu na mchungaji wao. Alikuwa anadhani sisi ndio tunapunguza, na alikuwa anaona aibu kuuliza!

Nikamwomba daftari. Analo. La mistari, la mwanafunzi, ameandika kila siku ya uji tangu mwanzo. Akapiga picha kurasa akatuma. Watoto walikuwa 58 mwaka 2023. Tangu ule ukame ni 112. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza idadi ya watoto. Sisi tulikuwa tunahesabu siku.

Kuhusu bahasha za mchungaji: nimelinganisha miezi sita kati ya daftari langu, kurasa zake na kilichoingia benki. Miezi minne inakubaliana ukitoa makato. Miwili ina pengo, si dogo wala si kubwa. Mchungaji wetu atamuuliza mwenzake ana kwa ana, na hatutumi shilingi tena mpaka akaunti ya kanisa ifunguliwe. Kwa hiyo yule mzee wetu huenda alikuwa na punje ya ukweli, na nilimwambia hivyo mbele ya kamati. Nikamwambia pia kwamba hela inaliwa kweli, na walaji wengi wana miaka minne.

Kamati imekubali kutuma mara mbili kwa mwaka: kubwa ya mwezi wa tano, na ndogo Novemba. Mifuko iko kwenye bajeti, karani wa malori, tulia. Bango limekufa, ingawa mama wa kwaya alilipigania sana kwa sababu alishalichorea rangi.

Na wewe jirani wa mto, nimeomba sadaka ya Jumapili ya pili iwe ya Mathare, kila mwezi, si ya blanketi mara moja. Hawakukubali, wameahirisha hadi kikao kijacho. Nitumie namba ya chama chenu kwa ujumbe wa faragha, nataka nije niwaone kabla sijabisha tena.

La mwisho nililisahau. Kabla hatujakata simu, yule mama aliniomba picha. Nikashtuka, nikamuuliza picha ya nini. Akasema watoto huwaombea watu wa Nairobi kabla ya uji na hawajui wanafananaje. Basi Jumapili hii tunapigwa picha mezani, tukihesabu sadaka. Mzee wa hela inaliwa amekubali kukaa katikati, ila ameomba tungoje wiki moja, kwanza apitie kwa kinyozi.